Ajoke wa Kilima cha Wafinyanzi

Kule Oke-Agbara mtu hajawa mtu mpaka aitwe. Si kule kuitwa njoo ule. Ni kuitwa kwa oriki, sifa za ukoo wake, tangu babu wa kwanza aliyefyeka msitu hadi yeye mwenyewe aliyesimama pale na viatu vipya. Mtu akiitwa hivyo kichwa humvimba na machozi humtoka, hata kama amesoma mpaka vitabu vikamchoka. Na mwanamke aliyejua kuita kuliko wote mjini, hapana wa kubisha, alikuwa Asabi, muuza moin-moin, zile kunde za kusaga zinazopikwa ndani ya majani, wa langoni mwa chuo kikuu.

Kila mwaka siku ya mahafali Asabi aliacha vyungu vyake vikichemka, akajifunga kitambaa chake cha buluu na kilemba kilichosimama kama jogoo, akaenda kusimama chini ya ngazi za ukumbi wa zamani. Wahitimu waliposhuka na majoho yao, mama au mjomba alimnong'oneza sikioni jina la ukoo, naye akafungua koo. "Adigun, mwana wa wawindaji wasiolala njiani. Mwana wa waliomkopesha mfalme chumvi wakasahau kudai. Mwana wa nyumba ya kelele, ambako hata bubu hutukana." Watu wakacheka, Adigun akalia, mama yake akacheza mpaka kiatu kikamtoka. Sifa za kweli zina utani ndani yake. Zisizo na utani ni kilemba cha ukoka.

Mwaka ninaousimulia, aliyekuwa ashuke ngazi ni Ajoke, binti yake Asabi mwenyewe. Na Ajoke hakuwa na ukoo.

Turudi nyuma kidogo.

Kilima kile zamani kilikuwa cha wafinyanzi. Udongo wake mwekundu unanata, jembe likiingia halitoki bila matusi, kwa hiyo hakuna aliyelima. Wanawake wa mji walichimba huko udongo wa vyungu, basi. Ndipo akaja Chifu Oyekanmi, aliyetajirika kwa kununua kakao, akawaambia wazee kwamba anakitaka kilima hicho ajenge chuo kikuu. Si cha serikali, cha kwake, na kiwe cha utafiti, kwa kuwa aliona mihogo ya watu ikioza ardhini kwa ugonjwa na hapana mtu wa karibu wa kuulizwa. Wazee walicheka mpaka mmoja wao akapaliwa na kokwa ya kola aliyokuwa akiitafuna.

"Chifu, tumesikia vyuo vinajengwa kwa saruji. Wewe utajenga kwa vyungu?"

"Kwa vyungu hivyohivyo," akasema Chifu.

Na akajenga. Udongo uleule ukafyatuliwa matofali. Kwa desturi ya mji, kila ua, yaani kila ukoo na nyumba zake, ulitoa watu wake, zamu kwa zamu, kama wanavyosaidiana kulima. Wanawake wakaukanyaga udongo kwa miguu huku wakiimba, na kila ua ukatia alama yake kwenye matofali yake kabla hayajakauka, kama walivyozoea kutia alama kwenye vyungu. Wengine mistari ya kichana, wengine nukta za kijiti, wengine mbegu ya kunde. Ukienda leo kwenye ukumbi wa zamani utaziona zote, zimekaa pamoja kama watu kwenye harusi.

Asabi ndiye aliyewapikia mafundi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, hakujaliwa mtoto. Wenzake wote waliitwa Iya Fulani, mama wa fulani, yeye akabaki Asabi mtupu. Hakulalamika. Alikuwa akiita watoto wa watu kwenye harusi na mazishi, akirudi nyumbani akiwa amekaukiwa koo, akinywa maji, akilala.

Asubuhi moja ya msimu wa mvua, mlinzi wa matofali, Baba Lamidi, alikwenda kuondoa mabati yaliyofunika matofali mabichi yasinyeshewe. Chini ya bati la mwisho akakuta mtoto mchanga wa kike. Amefungwa kitambaa kipya, ameshiba, amelala. Kando yake hapana mtu. Baba Lamidi alipomwinua, mguu mmoja wa mtoto ulichomoka kwenye kitambaa ukakanyaga tofali bichi, ukaacha unyayo mdogo wenye vidole vyake vyote. Fundi aliyekuwa karibu akanyoosha mkono alisawazishe.

"Acha," Baba Lamidi akamwambia. "Kila ua umetia alama yake. Na huyu ametia ya kwake."

Akambeba mtoto kama anayebeba yai, mpaka jikoni.

"Asabi, umeletewa mzigo."

"Wa nani?"

"Aliyeuleta hakuacha jina. Nadhani ni wako."

Uliulizwa mji, vikaulizwa vijiji, wakaulizwa mafundi waliotoka mbali. Hakuna aliyejua, au aliyejua hakusema. Siku ya nane mtoto akaonjeshwa asali, chumvi na maji, Chifu mwenyewe akaja na kola. Walimpa jina la Morohunmubo, yaani nimepata cha kupeleka nyumbani. Na kwa kuwa mafundi, mlinzi na Chifu walikuwa wakimbembeleza kwa zamu, jina lake la kudekezwa likawa Ajoke, anayelelewa na wengi. Asabi akawa Iya Ajoke. Tangu siku hiyo ukimwita Asabi mtupu haitiki, isipokuwa kama wewe ni kaka yake. Nasi hapa tunaendelea kumwita hivyo, atatusamehe.

Tofali lile likachomwa tanuruni na wenzake, likajengwa kwenye ukuta wa ngazi za ukumbi, upande wa kulia, usawa wa kiuno.

Mtoto na chuo wakakua pamoja, wote wawili wakianguka anguka. Mwaka wa kwanza mbuzi wa mji walikuwa wengi darasani kuliko wanafunzi, kwa sababu milango ilikuwa haijafika. Mwaka paa la maktaba lilipovuja, vitabu vilianikwa kwenye kamba kutoka bweni hadi bweni, na Ajoke akalala usingizi wa mchana chini ya kivuli cha vitabu. Kuna mwaka nyoka aliingia ofisini kwa mkuu wa chuo akajikunja kwenye kiti, na mkuu akafanya kazi nje chini ya mwavuli, akipokea wageni kana kwamba ndivyo vyuo vilivyo. Chifu Oyekanmi alifariki Ajoke akiwa shule ya sekondari, lakini alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba mtoto huyo atasoma kilimani bure, na neno lake lilishikwa.

Sasa, wanafunzi wana mambo yao. Walianza kuugusa ule unyayo wa tofalini kabla ya mitihani, kutafuta bahati, hata kisigino kikaanza kulika. Wengine walisema ni wa malaika, wengine ni wa mtoto wa fundi. Ajoke alipoingia chuoni kusomea mazao alipita pale kila siku na mikono yake mfukoni. Hakumwambia mwenzake yeyote kwamba ni wake.

Asabi yeye aliona jambo la mahafali ni jepesi. Wiki ile akaenda kwa kaka yake Ladejobi, mkubwa wa ua wao, akamkuta barazani anatafuna mswaki wa mti.

"Kaka, nitamwita Ajoke kwa sifa za baba yetu. Nimekuja kukuarifu."

"Kuniarifu au kuniomba?"

"Kukuarifu. Ukikataa, basi nimekuomba."

Ladejobi akacheka kidogo, halafu akautoa mswaki mdomoni. "Mtoto yule nampenda. Alijifunza kuhesabu kwa kola zangu, na nyingine akazila. Lakini ukimwita kwa baba zetu, baba zetu watageuka, watamtazama, watasema huyu ni nani. Na wale wa kwao je? Wako mahali wanangoja aitwe, hata kama sisi hatuwajui. Ukimwita kwetu, umewafungia mlango."

"Wa kwao walimweka chini ya bati."

"Aliyemweka ni mtu mmoja, Asabi. Ukoo si mtu mmoja. Na hata huyo alimweka pakavu."

Asabi akainuka, akashika njia ya kurudi.

Langoni alimkuta jirani yake Iya Ejire, mama wa mapacha, anayekaanga akara, maandazi ya kunde, upande wa pili wa barabara. Wawili hao walikuwa wakigombea wateja tangu chuo kifunguliwe, na hakuna siku aliyokosekana mmoja ambapo mwingine hakuuliza habari zake.

"Nasikia umekataliwa," akasema Iya Ejire. "Ndiyo hayo. Umeita watoto wa watu miaka yote, wa kwako atashuka kimya. Kinyozi hajinyoi, Iya Ajoke."

"Geuza akara zako, zinaungua."

"Akijinyoa anajikata."

"Zinaungua kweli, mama."

Na zilikuwa zinaungua.

Jioni Ajoke alikaa na mama yake kumenya kunde zilizolowekwa. Maganda yakielea, vidole vyao vikigongana ndani ya maji.

"Mama, nimesikia ulikwenda kwa mjomba."

"Mji huu hauna mlango."

"Usiniazimie. Cha kuazima hakisitiri maungo. Nitashuka kama wale wanaotoka mbali, wasio na wa kuwaita. Mbona wako wengi. Wanashuka, wanapigwa picha, wanakwenda kula."

"Wewe hutoki mbali."

"Basi sijui natoka wapi," akasema Ajoke. Alilisema kwa upole, mikono yake ikiendelea na kunde, kama mtu anayesema hali ya hewa. Lakini neno lile lilimkaa Asabi kooni kama mwiba wa samaki. Mwiba hauui, ila humezi kitu bila kuukumbuka.

Kesho yake mchana alimpelekea chakula shambani. Nyuma ya maabara kuna mashamba ya majaribio, mihogo imepangwa mistari, kila mstari na kibao chake. Ajoke alikuwa ameinama kwenye mstari mmoja, shina moja mkononi, joho likiwa bado linamngoja nyumbani msumarini.

"Ndio huo mhogo wenu usiooza?" akauliza Asabi.

"Ndio. Tumeung'oa jana, mama, mweupe ndani kama pamba."

"Mbegu yake ya wapi? Mhogo wa Ijebu naujua, wa Oyo naujua. Huu sijauona kwa mtu."

"Huu hauna kwao," Ajoke akacheka. "Umezaliwa hapa. Tumechanganya mingi mpaka haujulikani babu yake ni yupi. Mhogo wa namna hii tunauita kwa shamba ulikoota." Akamwonyesha kibao. Kiliandikwa Kilima cha Wafinyanzi.

Asabi alikitazama kile kibao muda mrefu, chakula kikipoa mkononi.

"Mama, una nini?"

"Nina njaa. Kula, unipe sufuria yangu."

Hakurudi langoni. Alianza kuzunguka chuo kama mtu aliyepoteza pete. Alisimama ukumbini akapapasa alama za kila ua. Alikwenda maktaba, akatazama juu kwenye paa lililotengenezwa. Akapita ofisi ya mkuu, akaona kiti, akacheka peke yake, karani akamwangalia. Mwisho akamkuta Baba Lamidi, ambaye sasa ni mzee wa kuketi tu langoni kwa heshima, anavuta tasbihi.

"Baba Lamidi, chuo hiki kilianzaje? Niambie kana kwamba hunijui."

"Wewe si ulikuwepo?"

"Nilikuwa jikoni. Niambie ulichokiona wewe."

Akamwambia yote, mvua, mabati, vicheko vya wazee. Asabi akisikiliza na midomo ikicheza kimya, akipima lipi litatangulia na lipi litafuata.

"Usiwasahau mbuzi," akasema Baba Lamidi alipomaliza. "Wao ndio waliosoma kwanza."

Asubuhi ya mahafali, kabla jua halijapanda, mama na mwana walikuwa jikoni wakifunga moin-moin kwenye majani, kwa sababu siku ya mahafali ndiyo siku ya wateja. Asabi alifunga nyingi. Halafu akasema:

"Nikitaja habari ya tofali mbele ya watu, utaona haya?"

Ajoke alikunja jani, akalikunjua, akalikunja tena vizuri.

"Umepata cha kuniita?"

"Nimepata. Si cha kuazima."

Moshi uliwaingia machoni wote wawili, ndivyo walivyosema baadaye. "Taja, Mama," akasema Ajoke. "Lakini usilie katikati, utaniangusha kwenye ngazi."

Siku ile vumbi la upepo wa kaskazini lilikuwa limeanza, kila kitu kimefunikwa unga mwembamba. Asabi aliwaita watoto wa watu kwanza, hakumpunja yeyote. Ladejobi alikuwepo, amevaa kofia yake ya kitambaa kizito. Iya Ejire alikuwepo, akara zake ameziachia mapacha. Ajoke akatokea juu ya ngazi na joho lake, macho chini, tayari kupita haraka.

"Ajoke," akaita Asabi.

Ajoke akasimama.

"Ajoke, mwana wa kilima kilichokataa jembe kikakubali kitabu.

"Mwana wa udongo waliokanyaga mama zetu wakiimba.

"Mwana wa nyumba yenye alama za nyua zote, haulizwi ua wake upi.

"Mwana wa Chifu aliyechekwa na wazee mpaka kola ikawapalia.

"Mwana wa mbuzi waliosoma kabla ya wanafunzi.

"Mwana wa vitabu vilivyoanikwa kama nguo, vikakauka, vikasomwa.

"Mwana wa mahali nyoka alipokaa ofisini, mkuu akahamia chini ya mwavuli."

Hapo watu walikuwa wanacheka na kupiga makofi, hata mkuu wa chuo wa zamani, aliyekuja kwa mkongojo, akashika tumbo.

"Mwana wa mhogo usiooza, unaoitwa kwa shamba ulikoota.

"Mwana aliyewekwa pakavu," akasema Asabi, na sauti ikakatika.

Alifungua mdomo, hapakutoka kitu. Ajoke alikuwa amefika katikati ya ngazi. Alitoa mkono mfukoni, akauweka juu ya tofali lile, juu ya unyayo, akauacha hapo. Wenzake waliomzunguka wakautazama mkono, wakamtazama yeye.

Toka nyuma ya watu ikasikika sauti ya Iya Ejire, ya chini, ambayo hakuna mtu aliyejua kwamba anayo.

"Endelea, kinyozi."

Asabi akacheka, na kicheko kikaifungua sauti.

"Mwana aliyewekwa pakavu usiku wa mvua. Na aliyemweka, popote alipo, asikie leo, mlango uko wazi. Mwana aliyetia alama yake kabla hajapewa jina. Unyayo mnaougusa kabla ya mtihani ni wa Ajoke. Shuka, Ajoke. Shuka taratibu, hapa ni kwenu."

Ajoke akashuka taratibu. Alipofika chini akapiga magoti mbele ya mama yake, joho na yote, kwenye lile vumbi jekundu, kama binti anavyomsalimu mzazi. Kichwa chake, waliomwona wanasema, kilikuwa kimevimba kama cha mtu yeyote mwenye babu saba. Ladejobi alivua kofia yake, akaishika kifuani.

Watu walipoanza kutawanyika alikuja kijana mrefu wa kabila la Tiv, kutoka Benue, Terfa jina lake, aliyesoma darasa moja na Ajoke. Wazazi wake hawakuweza kuja, njia ni ndefu.

"Mama, shikamoo. Hiyo ya kilima, mimi pia naweza kuitwa? Nami nimekaa hapa."

Asabi alimgeukia Ajoke, maana sifa zina mwenyewe.

Ajoke akamtazama Terfa juu mpaka chini. "Ulinicheka siku nilipoanguka na mihogo."

"Nilikuokota pia."

"Mwite, Mama," akasema Ajoke. "Lakini unyayo ni wangu."

Basi akaitwa Terfa, mwana wa kilima kilichokataa jembe, bila unyayo. Wakaja wengine nyuma yake, wa kutoka mbali, wale wa kupiga picha na kwenda kula, nao wakaitwa mmoja mmoja, hadi Asabi akabaki na sauti ya kunguru, na vyungu vya langoni vikaliwa na nani hajulikani.

Kesho yake Asabi hakuweza kumwambia mteja hata karibu. Ajoke ndiye aliyekaa langoni na moin-moin, magoti ya suruali yake bado yana wekundu usiotoka kwa sabuni. Bibi mmoja mgeni, aliyekuja kumchukua mjukuu wake, alimtazama akifunga majani kwa vidole vyepesi, akamuuliza kama wanavyouliza wazee wote wa kwetu:

"Binti, wewe wa ua gani?"

Iya Ejire, upande wa pili wa barabara, aliacha kugeuza akara.

"Wa hapa kilimani, bibi," akasema Ajoke, akamwongezea moin-moin moja juu.